Amana ya Mwosha

Kwa miaka ishirini na miwili Fatemabai alikuwa ameosha maiti za wanawake wa Kibohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, wa Mji wa Kale wa Mombasa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema fulani alikuwa na kovu hapa au fulani alikuwa na alama pale. Wanawake walimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo walimwogopa kidogo. Ukikutana naye Ndia Kuu, amejitanda mtandio wake mweupe, anabinyabinya biringani kwenye kapu la mchuuzi, ulijua kwamba yule mama ameuona mwili wa bibi yako na wa shangazi yako, na kwamba Mungu akipenda atauona na wako. Wenye utani walimwambia, mwosha huoshwa. Yeye aliwajibu kwamba siku hiyo watakaomwosha wahakikishe maji ni vuguvugu, maana hapendi baridi.

Alichokiona mwosha ni amana. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia, na ndivyo alivyomfundisha Razia, mke wa Adamji muuza viungo wa Marikiti, ambaye alikuwa na mwaka wa sita akimsaidia kumimina maji. Razia alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano na alimwita Bai, kwa heshima. Fatemabai alimwambia siku ya kwanza kabisa: ukitoka mlangoni, hukuona kitu. Na nisiwafiche, alijivunia ukimya wake jinsi wengine wanavyojivunia bangili zao.

Mwaka ule wa 1947, miezi michache baada ya ule mgomo uliosimamisha bandari na feri na kila kitu kingine, Fatemabai alikuwa akioga nyumbani kwake alipouona uvimbe kwenye titi la kushoto. Mwanamke mwingine angejidanganya kidogo. Angesema ni baridi, au ni mtoki, au ni mambo ya umri. Yeye hakuwa na bahati hiyo. Vidole vyake viliujua uvimbe ule kabla hajautafutia jina, kwa sababu vilikwisha kuupitia mara nyingi, kwenye miili iliyolala juu ya kitanda cha kuoshea.

Alikaa nao siku nane. Alipika, alisali, aligombana na mchuuzi wa samaki, na moyoni alikuwa amekwisha kujizika. Siku ya tisa akamwambia mumewe. Kutbuddin aliuza taa za karabai na vioo vya taa, na duka lake hakulifunga hata siku za mgomo, wakati mji mzima ulikuwa kimya. Jumatatu iliyofuata alilifunga asubuhi na mapema akampeleka mkewe hospitali, na majirani walipouona mlango na kufuli wakadhani nyumba imefiwa.

Daktari, Mzungu mmoja mrefu mwenye haya, aliutaja ugonjwa: saratani. Akasema akatwe, tena wiki ile ile. Fatemabai alikubali kwa sababu hakuwa na nguvu za kukataa. Hakuamini hata kidogo kwamba atatoka pale kwa miguu yake.

Baada ya kukatwa, aliyemfunga kidonda kila asubuhi alikuwa Rispah, muuguzi, mwanamke wa bara, Mkristo, mke wa karani wa reli. Alikuwa na mikono mizito na sauti ndogo. Akija na bakuli lake la maji, Fatemabai alifumba macho na kugeukia ukutani. Mwosha huoshwa, ndiyo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo linaweza kumpata mtu akiwa hai, analisikia, na mwosha wake anamuuliza kama maji ni moto mno. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Miili yote aliyoiosha yeye haikuwa na macho ya kuona aibu.

“Mama,” Rispah alimwambia siku ya tano, “ukiangalia ukutani utajuaje kama kidonda kinapona?”

Hakuangalia. Lakini alianza kumjibu salamu zake, na hilo kwa Fatemabai lilikuwa jambo kubwa.

Kabla ya kuruhusiwa, daktari alikuja na karatasi zake na kusema mengi kwa Kiingereza. Rispah akamtafsiria. Kidonda kizuri. Homa hakuna. Hawezi kuahidi kitu, watazame mwaka, watazame miwili, lakini umekuja mapema na hiyo ni heri kubwa. Halafu Rispah akasita kidogo.

“Anauliza jambo jingine, Mama. Tangu afike Mombasa hajamwona mwanamke hata mmoja wa Mji wa Kale mwenye ugonjwa huu ila wewe. Anadhani huko kwenu haupo.”

Fatemabai akamtazama daktari, kisha Rispah, kisha shuka. Kichwani wakaja mmoja mmoja, mabibi na mashangazi na mmoja ambaye hakufika hata miaka thelathini, wengine titi limekuwa gumu kama ubao, wengine limepasuka na kufungwa matambara kwa matambara, wamelificha kwa waume zao, kwa mama zao, mpaka kwa Mungu kama ingewezekana. Walikuwa tisa. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa wale tisa, kifo kiliwaumbua mbele ya waosha tu, na waosha wakafunga midomo. Mji mzima ulijua kwamba fulani amekufa kwa homa, na fulani kwa kifua, na fulani kwa jicho la watu.

Aliomba maji ya kunywa.

Alirudi nyumbani na uongo uliokwisha kupikwa. Kutbuddin alikuwa amewaambia watu kwamba mkewe ametolewa mawe ya nyongo, na wanawake wa mtaa, wakiwa ni wanawake wa mtaa, walitaka kuyaona mawe yenyewe. Kutbuddin akateremka pwani asubuhi moja, akaokota vijiwe viwili, akavitia kwenye chupa ya dawa na kuiweka kabatini. Wageni waliitikisa ile chupa, wakamwombea Fatemabai, wakasema kweli binadamu hajui alichobeba. Alicheka pamoja nao. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu akatwe, na alipokwisha kucheka aliingia chumbani akalia.

Uongo wenyewe ulikuwa na sababu. Binti yao wa mwisho alikuwa na miaka kumi na saba na hajaposwa bado, na nyumba inayosemwa kuwa na ugonjwa ule watu hawaposi. Basi Fatemabai alishona kifuko cha kitambaa, akakijaza sufi, akawa anakivaa ndani ya blauzi upande wa kushoto. Walipokuja kumwita akaoshe, alisema mgongo unamsumbua. Mara tatu walikuja na mara tatu akasema mgongo.

Nilidhani, na pengine hata yeye alidhani, kwamba atabaki hivyo, mwanamke aliyepona mwili na kukaa ndani akiiogopa milango. Kwa miezi miwili alimuuliza Mungu swali moja tu, kwa nini mimi. Kisha siku moja, akichagua mchele dirishani, swali likageuka mkononi. Akajikuta anawafikiria wale tisa kwa mpangilio, wa kwanza na wa pili na wa tatu, na miaka iliyopita kati yao. Yule kijana, ambaye hakufika miaka thelathini, alikuwa wa nane. Kabla yake Fatemabai alikuwa amekwisha kuosha saba, amekwisha kujua uvimbe ule unavyoanza na unavyoishia, na alikuwa akikutana na yule kijana kila Ijumaa, wanaulizana hali. Hakuna dhambi aliyoitenda. Amana aliitunza. Lakini mchele ulimshinda kuchagua, akauacha na mawe yake, na usiku watu walikula wakilalamika.

Tangu siku hiyo hakujionea huruma tena kama zamani. Alianza kuliangalia kovu lake kwenye kioo kila asubuhi. Mwanzoni alihesabu mpaka kumi na kugeuka, baadaye akaacha kuhesabu.

Razia alikuwa akija kumwona kila Ijumaa na bakuli la supu, kwa ajili ya nyongo. Ijumaa moja Fatemabai alimwona akipanda ngazi na bakuli amelishika mkono wa kushoto, naye si mtu wa kushoto. Alipotaka kuusukuma mlango kwa mkono wa kulia, kiwiko hakikuachana na ubavu. Mtu mwingine asingeona kitu. Fatemabai aliona.

Akamuuliza mkono una nini. Razia akasema ameulalia vibaya. Ijumaa ya pili ulikuwa bado umelaliwa vibaya. Ijumaa ya tatu Razia alisema mkono haujambo kabla hajaulizwa, na wote wawili wakazungumza habari za bei ya samli.

Hapa ningependa kumtetea Fatemabai, lakini siwezi. Alijua. Alijua pia kwamba kumwambia Razia nenda hospitali ni kujitia katika swali moja: wewe umejuaje kwamba hospitali husaidia? Na jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya blauzi yake. Kila Ijumaa alikusudia kusema na kila Ijumaa alimkumbuka binti yake, akanyamaza, akajiambia wiki ijayo, ilhali yeye kuliko mtu yeyote mjini alijua wiki zina thamani gani.

Kisha akafa bibi kizee mmoja wa nyumba ya jirani. Alikuwa amekula chumvi nyingi, wengine walisema tisini, na aliacha wasia kwamba asiguswe na mtu ila Fatemabai. Wasia wa maiti haujibiwi kwa mgongo. Alfajiri Fatemabai alifunga mtandio wake akaenda, na Razia akamkuta huko.

Walikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa, ufuo wa kupokea maji ya kuoshea umekwisha kutengenezwa. Maiti ilikuwa nyepesi. Fatemabai aliitia maji ya mkunazi, akaigeuza ubavu, akatia ya karafuu maiti, na mikono yake ilikumbuka kazi bila kuulizwa. Bega la kushoto lilimvuta kwa maumivu lakini halikumwangusha. Razia alimimina. Mara mbili birika liliyumba mkononi mwake, na mara ya tatu maji yakamwagika nje ya ufuo, akaomba msamaha kwa sauti ya chini, sijui akimwomba nani. Walipokuwa wakiikunja sanda, Razia alikitazama kifua cha yule kizee kwa muda.

“Huyu alipewa,” alisema. “Alikuja na vyake vyote, na vyote ameondoka navyo.”

Fatemabai alishtuka. Kwanza alidhani anasemwa yeye, kwamba siri imetoka, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Kisha akauona uso wa Razia, akafahamu kwamba mwenzake anajisema mwenyewe.

Wanaume walilichukua jeneza. Sauti zao zilishuka ngazi, zikageuka pembe ya uchochoro, zikapotea. Aliyeosha maiti hana budi kuoga kabla hajafanya jambo jingine, na maji yao yalikuwa tayari, ndoo mbili, nyuma ya pazia la chumba kile kile. Miaka yote waliingia pamoja, wakamiminiana maji migongoni na kulalamikia viuno vyao. Asubuhi ile hakuna aliyesogea.

“Tangulia wewe, Bai,” akasema Razia.

“Tangulia wewe. Mimi nitapumzika kidogo.”

“La, wewe mkubwa.”

Wakasimama wakitazamana, kila mmoja ameishika nguo yake kifuani, wanawake wawili waliokwisha kuona kila kitu ambacho mwili unaweza kuwa nacho. Fatemabai ndiye aliyechoka kwanza.

“Razia, usiniambie tena umeulalia vibaya.”

Razia aliketi juu ya kibao cha kuogea. Hakukana.

“Wajua n'na nini,” alisema. “Wewe ndiwe ulonifundisha.”

Alisema ameuona tangu mwezi wa Ramadhani. Adamji hajui. Ana mabinti wawili, na nyumba yenye ugonjwa huu haiposwi, Bai mwenyewe anajua. Alisema anachomwomba Mungu ni mkubwa aolewe kwanza, na kwamba siku ikifika anataka Bai amwoshe yeye peke yake, wala asiingie mwanamke mwingine. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyapanga.

“Na hospitali?” Fatemabai aliuliza.

“Nende nikafanye nini? Mimi nimemimina maji, Bai. Wenye ugonjwa huu nimewaona. Hakuna hata mmoja alopona.”

Fatemabai akafungua mdomo kumjibu, kisha akaliona kosa lile lilivyo zima, na lilikuwa kosa lake pia, lile lile alilokaa nalo siku nane akijizika. Wao wawili ugonjwa ule walikuwa wameujua kutoka mwisho wake. Waliusoma kwenye kitanda cha kuoshea, na kwenye kitanda cha kuoshea kila ugonjwa umeua.

“Mwanangu,” alisema, “walopona hawaletwi kwetu.”

“Basi nionyeshe mmoja,” Razia alisema. Hakuwa akibisha. Alikuwa akiomba. “Mmoja tu, Bai. Nimwone, nami nitakwenda.”

Fatemabai alimfikiria binti yake wa miaka kumi na saba. Alimfikiria vizuri, uso na jina na mahari na yote, wala sitasema kwamba haikumuuma. Siri za wale tisa zilikuwa zao, na hakuwa na ruhusa ya kuzifungua hata leo. Lakini huu mwili mwingine haukuwa amana ya mtu. Ulikuwa wake.

Akavua mtandio. Akafungua vifungo vya blauzi kimoja kimoja, maana vidole vilikuwa vimelowa, akakitoa kifuko cha sufi na kukitupa pembeni kwenye maji. Kisha akasimama mbele ya dirisha dogo ili mwanga uingie.

Kovu lilianzia kwapani, likashuka mshazari hadi katikati ya kifua. Mahali pengine lilikuwa bado jekundu, na ngozi ilikuwa imevutwa juu ya mbavu. Razia alilitazama kama walivyozoea kutazama wote wawili, kwa makini na bila kupiga kelele. Alisema kitu kuhusu nyongo, Fatemabai akatikisa kichwa.

“Daktari hajaniahidi kitu,” Fatemabai alisema. “Amesema tutazame mwaka, tutazame miwili. Niliumwa sana, na kuna siku nilimtukana Mungu, ntakwambia siku nyingine. Lakini nilikwenda mapema, na leo nimepanda ngazi, nimemgeuza maiti kwa mikono hii. Umeniona mwenyewe.”

Razia alinyanyuka. Aliushika mkono wa Fatemabai, akauingiza chini ya nguo yake mwenyewe, akauweka upande wa kulia, karibu na kwapa, akaubana pale.

Fatemabai aliupata mara moja. Ulikuwa mdogo kuliko wake yeye, na ulisogea chini ya kidole. Aliuzungukia taratibu, juu na chini, kama alivyofanya kwa wale tisa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwani hakuna hata mmoja kati ya wale aliyekuwa na joto. Huyu alikuwa na joto la mtu aliyetoka kufanya kazi, na ndani yake moyo ulikuwa unakwenda mbio kwa hofu, unampiga kiganjani. Aliuacha mkono wake hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Ni mdogo,” alisema. “Oga, uvae. Hospitali huandika wagonjwa mpaka saa sita.”